Mkono Mzito wa Teresina

Nairobi, 14 Januari 1992

Kaka yangu Ezbon,

Sista aliyetoka huko na ndege ya unga wa msaada amenifikia jana, na barua yako nimeisoma nikiwa bado nimesimama mlangoni. Umeandika habari za mji kuzingirwa, za mashua kukwama bandarini, za mkeo Poni na bustani yake ya mboga, halafu chini kabisa, baada ya jina lako, kama mtu aliyekumbuka kuomba chumvi, ukaongeza kwamba umetapika damu tena. Kaka, hiyo ndiyo ilikuwa barua. Mengine yote yalikuwa kifuniko.

Nisikilize sasa, maana huko hakuna wa kukueleza. Kichocho ulikiokota Pakwach, kule Uganda, tulipokuwa wakimbizi, ulipokuwa ukisimama mtoni na nyavu ili mimi nikae darasani. Kimelitia ini lako makovu. Damu inayotoka tumboni kwenda kwenye ini inakuta njia imebana, inarudi nyuma, inajaza mishipa ya koo la chakula hadi inavimba. Siku mshipa unapopasuka, unatapika damu. Daktari wa upasuaji angeweza kukusaidia, lakini wewe uko Juba na barabara zote zimefungwa.

Kazi yangu unaijua, na najua unavyoicheka. Ndiyo, bado mimi ni mama wa panya wa maabara. Lakini panya hawa ni wagonjwa wenzako. Tunaufunga ule mshipa unaoingia kwenye ini, tunauachia upenyo mdogo tu, na baada ya muda wanapata shida yako ileile. Profesa anawajaribia dawa mbili. Ya kwanza ni kidonge cheupe, kinapunguza mbio za moyo. Ya pili ni ya manjano, inalegeza mishipa ipanuke. Kundi moja linapata nyeupe, jingine manjano, jingine zote mbili kwa pamoja, na jingine halipati kitu. Anataka kuona kama dawa mbili zikishikana zitashinda moja.

Nyeupe imekwisha kujaribiwa kwa watu, nami nimempa Sista akuletee. Anza na nusu. Manjano ngoja kwanza panya waniambie.

Na mwambie Poni. Mficha maradhi, kifo humfichua.

Mdogo wako,
Teresina


Juba, 23 Februari 1992

Teresina mdogo wangu,

Dawa imefika. Barua nayo imefika, ila imefunguliwa. Ofisa wa usalama pale uwanja wa ndege aliigeuza juu chini mara kadhaa, akaniuliza haya ni maneno gani, "De kalam shunu?" Nikamjibu hii ni lugha ya Kiswahili, dada yangu ananipa mawaidha. Akataka kujua kama kuna neno lolote la waasi. Nikamwambia kuna habari za panya tu, akacheka mpaka akaniachia. Basi tuendelee hivihivi. Kiarabu wanakisoma, Kiingereza wanakisoma, Kibari wana watu wa kuwasomea, lakini Kiswahili chetu cha uhamishoni kinawapita hivihivi. Shida ile ya Uganda angalau imetuachia kitu.

Maelezo yako nimeyaelewa kuliko ya daktari yeyote, kwa sababu mimi ni fundi wa injini za mashua na mambo ya bomba nayajua. Bomba likiziba mbele, maji yanatafuta mahali dhaifu pa kupasulia. Ukipunguza nguvu ya pampu, bomba linapumua. Hiyo ndiyo nyeupe. Ukilipanua bomba lenyewe, linapumua zaidi. Hiyo ndiyo manjano. Sasa kwa nini unanipa dawa ya pampu halafu unaninyima ya bomba? Panya wanapewa zote mbili, mimi kaka yako nangoja foleni nyuma ya panya!

Kuhusu Poni, niache. Nimemwambia ni vidonda vya tumbo. Poni akijua, mama yake atajua, na mama yake akijua, ukoo wote umejua. Watasema nimerogwa. Watataka mbuzi wa kuchinja wakati mji mzima hauna hata mkia wa mbuzi. Mwisho watamchukua binti yao apumzike kwao, nami nitabaki na sufuria. Nimeishi na yule mwanamke miaka kumi na miwili na sijashiba kumtazama. Siwezi kumpoteza kwa ajili ya ini.

Vita viko palepale. Mtama wa msaada unakuja ukipenda, Poni anapika majani ya kunde na wakati mwingine majani ambayo simwulizi jina. Nakula, nashukuru, nanyamaza.

Nitumie ya manjano.

Kaka yako,
Ezbon


Nairobi, 30 Machi 1992

Kaka Ezbon,

Umeshinda. Inakuja na barua hii, kwa mkono wa padri.

Sikutaka kuituma kabla ya matokeo, na sasa matokeo yapo. Panya waliopata zote mbili wamewapita wenzao wote. Shinikizo kwenye mshipa wa tumbo limeshuka kuliko kwa nyeupe peke yake, na hawajaanza kutoka damu ndani kama wale wasiopata kitu. Manyoya yao yanang'aa. Wanakula, wanapigana, wanazaana wakipewa nafasi. Nilipowaona asubuhi moja wakigombea kipande cha karoti nililia, nami si mtu wa kulia mbele ya panya. Nilikuwa nakuona wewe.

Kero yangu ni moja tu, na wewe utaifurahia. Ili kupima ni lazima tuwatoe damu kidogo, nusu kijiko cha chai hivi kwa kila mmoja. Na katika kundi lile la dawa mbili, kadhaa wamenifia mikononi. Walikuwa wazima, wanachezacheza, natoa damu, najifuta mikono, nikigeuka wamelala na hawaamki. Profesa amenigombeza mbele ya wanafunzi. Anasema nina mkono mzito, navuta sindano kama mtu anayevuta maji kisimani. Nimeona haya kweli, kwa sababu kazi hii nimeifanya miaka mingi. Labda nazeeka.

Sasa maagizo. Kidonge cheupe asubuhi na jioni kama ulivyozoea. Cha manjano nusu tu mwanzoni, usiku ukienda kulala, kwa sababu kitakuumiza kichwa. Ukiamka, kaa kitandani kwanza, usisimame kwa pupa. Hesabu mapigo ya moyo wako kila wiki uniandikie.

Na Poni? Sitachoka kuuliza.

Mdogo wako,
Teresina


Juba, 10 Mei 1992

Teresina wangu mwenye mkono mzito,

Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Kumbe Profesa naye amegundua! Angeniuliza mimi ningemwambia zamani. Umesahau Pakwach ulipokuwa ukimsuka marehemu mama, naye akikaa chini ya mikono yako machozi yakimtoka huku akisema, "Vizuri, mwanangu, vizuri"? Akienda kanisani hakuweza kukunja paji la uso. Waonee huruma hao panya, wao hawana hata neno la kukusifia.

Lakini dawa zako, dada, dawa zako! Kichwa kiliuma wiki ya kwanza, sasa kimenyamaza. Tumbo limepungua kiasi kwamba mshipi nimeurudisha kwenye tundu la zamani. Sijatapika tena. Juzi mimi na Lagu, mwenzangu wa karakana, tulibeba injini ya mashua kutoka majini hadi kwenye karakana, na Lagu ndiye aliyeomba tupumzike. Poni ananitazama kwa jicho la pembeni, anasema vidonda vya tumbo vimeniacha kijana. Mapigo ya moyo ni hamsini na kitu, yanatembea kama mzee anayekwenda ibadani. Mwandikie Profesa kwamba panya mmoja mkubwa wa Juba anamsalimu.

Kuna hasara moja. Shemeji yangu Lokosang, kaka yake Poni, alipita akaona baiskeli yangu, akasema, "Shemeji, hii baiskeli inanifaa." Basi, imekwenda. Unajua mila zetu. Mwanamume aliyeoa hana kinywa cha kuwaambia hapana watu wa mke wake, hasa kaka yake, na zaidi sana mbele ya mama mkwe. Sasa natembea kwa miguu hadi bandarini, naye anapita akinipigia kengele yangu mwenyewe. Lakini Lokosang ni mtu mwema. Ngurumo ya mizinga ilipoanza mwaka ule, yeye ndiye aliyembeba mama mkwe mgongoni kutoka Sherikat kuvuka daraja. Baiskeli ni haki yake.

Watu wanasema waasi wamekaribia. Kila mwaka wanasema hivyo. Mimi safari hii siogopi kitu, nimezoea kuogopa tumbo langu mwenyewe na sasa limetulia.

Kaka yako mzima,
Ezbon


Nairobi, 4 Juni 1992

Kaka,

Soma barua hii yote kabla ya kufanya lolote.

Sikuridhika na habari ya mkono mzito. Iliniuma. Wiki iliyopita nilimwomba mwenzangu mmoja wa maabara ya jirani, mwanamume mwenye vidole vyepesi kama fundi saa, aje awatoe damu panya wa makundi yote mimi nikitazama tu. Sikugusa kitu. Wale wasiopata dawa waliishi. Wa nyeupe peke yake waliishi wote ila mmoja. Wa manjano peke yake waliishi. Wa dawa mbili walikufa zaidi ya nusu, mikononi mwake yeye, kwa nusu kijiko ileile.

Sio mkono, kaka. Ni dawa.

Nilikaa chini nikafikiri, nikajiona mjinga kwa kutoliona mapema. Kiumbe akipoteza damu, mwili hujiokoa kwa njia mbili. Moyo hukimbia, na mishipa hubana, ili ile damu iliyobaki ifike kichwani. Nyeupe inauzuia moyo kukimbia. Manjano inaizuia mishipa kubana. Anayekula zote mbili amefungwa mikono na miguu. Zinamkinga asipasuke ndani, lakini akipoteza damu kwa njia nyingine yoyote, hata kidogo, hana pa kushika. Na la kutisha zaidi ni kwamba haonyeshi. Panya wangu hawakuhangaika. Mapigo yao yalibaki pole, wakalala.

Na panya wangu wanashiba. Wewe unakula majani.

Kwa hiyo, acha ya manjano leo. Nyeupe usiiache ghafla, hiyo nayo ina hatari yake, punguza kidogokidogo. Usikubali kuumikwa kwa pembe wala kuchanjwa chale na mtu yeyote. Usitoe damu hospitalini kwa ajili ya mtu yeyote, hata angekuwa nani. Ukijikata bandarini, lala chini, inua miguu, kunywa maji ya chumvi na sukari. Mwambie Poni kila kitu, leo, ili siku usipoweza kusema awepo wa kukusemea.

Mimi ndiye niliyekupa. Nisamehe kwanza, tutagombana baadaye.

Teresina


Nairobi, 21 Juni 1992

Kaka,

Barua ya tarehe nne imerudi mikononi mwangu. Padri anasema tangu mapigano yalipoingia mjini hakuna ndege ya raia inayotua. Nimezunguka ofisi zote za misaada. Kila mahali wananiambia ningoje.

Jana nilipata nafasi kwenye redio ya simu ya masista. Nilimwomba opereta atume maneno mawili tu: usitoe damu. Akaondoa mkono kwenye kitufe, akanitazama. "Dada," akasema, "wanajeshi wa huko wanasikiliza. Wiki hii nikitaja damu hewani, watasema ni neno la siri, watamkamata anayepokea. Yule mpokeaji ana watoto." Nikamwomba aseme kaka yangu asifanye kazi nzito, aache dawa ya manjano. Akasema dawa pia hapana. Mwisho alikubali kusema hivi: "Teresina anamsalimu Ezbon wa bandarini, anaomba apumzike."

Nilisimama pale nikasikia jibu, sauti ikikwaruza, "Apumzike, imepokelewa."

Naziweka barua zote mbili pamoja. Zitakwenda na ndege ya kwanza.

Teresina


Juba, 9 Julai 1992

Teresina mdogo wangu,

Mtu wa masista alinitafuta mpaka bandarini kunipa ujumbe wako. "Dada yako anaomba upumzike." Nilimwambia asante, halafu mimi na Lagu tukacheka sana. Mji unawaka moto, mizinga inapita juu ya mapaa, watu wanachukuliwa majumbani mwao na hawarudi, na dada yangu wa Nairobi anataka nipumzike! Ungesema nipumzikie wapi. Lakini nimefurahi kusikia jina lako.

Nitapumzika kesho kutwa. Kesho nina kazi.

Lokosang amepigwa. Kipande cha bomu kimeingia kwenye paja lake alipokuwa akirudi na maji, karibu na daraja. Baiskeli yangu ndiyo iliyomfikisha hospitalini, walimlaza juu ya kiti na fremu wakamsukuma. Amelala wadi ya majeruhi, mweupe midomo. Wanasema wanaweza kumfungua paja wasafishe, ila lazima apate damu kwanza, na damu haipo mpaka ndugu walete. Walimpima Poni, haikupatana. Mama mkwe ni mzee. Walinipima mimi, wakachanganya tone langu na lake kwenye kioo kidogo, na hayakugombana. Lagu anasema hata damu yangu inajua kwamba shemeji hakataliwi.

Poni aliniomba akiwa amepiga magoti. Nilimwinua, nikamwambia mke wangu hapigi magoti kwa kitu kidogo hivyo.

Usiwe na wasiwasi. Sasa mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa miaka yote hii, na hiyo ni kazi ya mikono yako. Nimeona vizuri kwamba nguvu ulizonipa mimi zimsaidie na mwingine. Vidonge bado vipo vya kutosha. Nameza dawa zote mbili kama ulivyosema, sijaruka hata siku moja.

Barua hii naiacha kwa masista, itakuja njia ikifunguka.

Kaka yako,
Ezbon


Juba, 30 Agosti 1992

Wifi Teresina,

Ni mimi Poni. Naandika Kiswahili kwa sababu yeye alikuandikia Kiswahili. Changu ni cha soko la Arua, utanivumilia.

Ezbon amekufa. Ni tarehe kumi mwezi wa saba. Tumemzika hapa mtaani Hai Jalaba, nyuma ya kanisa, kwa sababu makaburini hapakufikika.

Nitakuambia yote kama nilivyoona. Asubuhi alikunywa chai, akameza vidonge vyake, akavaa shati la Jumapili. Nikamwuliza, shati la Jumapili la nini? Akasema huwezi kwenda kumpa shemeji kitu ukiwa na shati la kazi. Pale wadini mama yangu alikuwa amekaa kando ya kitanda cha Lokosang. Mwanamke wa kutoa damu alimwuliza Ezbon kwa sauti, watu wote wakisikia, "Baba, iko na ugonjwa yoyote? Iko na dawa unameza?" Ezbon alitazama chini. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe machoni, na mama alikuwa pale pale. Akasema, "Hapana, mama. Mimi iko sawa."

Mimi nilijua vile vidonge. Lakini niliambiwa ni vya vidonda vya tumbo. Nikanyamaza.

Mfuko ulijaa. Lokosang alianza kupewa, midomo ikarudisha rangi, mama akaimba. Ezbon alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akasimama, miguu ikamwacha. Tukamlaza. Yule mwanamke wa damu alimshika mkono akahesabu, akasema moyo wake unakwenda pole, unakwenda vizuri, amechoka tu na njaa, mwache alale. Wote tuliamini. Nani angeogopa moyo unaokwenda pole? Wanaokufa kwa damu pale wadini mioyo yao inakimbia kama mbuzi, tumeiona kila siku.

Aliniita karibu. Aliniambia maneno ambayo sikuyaelewa. Alisema, "Huyu mama ana mkono mwepesi sana. Hata sikusikia sindano." Kisha alitabasamu kidogo, akasema, "Poni, mwandikie Teresina. Mwambie wale panya, haikuwa mkono wake." Nikafikiri ni homa inasema. Nikamwambia lala, baba. Akalala. Ilipofika jioni alikuwa baridi.

Juzi ndege imetua, na barua zako mbili zimekuja pamoja, ya tarehe nne na ya ishirini na moja. Nimezisoma. Sasa nimewaelewa panya.

Wifi, nina hasira na wewe. Nina hasira na yeye. Mliandikiana muda huu wote kwa lugha ambayo hata mimi naisoma, na barua mlizificha bandarini nisizione. Mlinifanya mtu wa nje katika nyumba yangu. Mngeniambia, ningesema pale wadini, mbele ya mama yangu, bila aibu. Mimi si mkwe wa mtu pale. Kinywa changu hakina mila ya kukifunga.

Lokosang anatembea na fimbo. Mama anasema kwa kila mtu kwamba Ezbon amekufa kifo cha mkwe wa kweli, hakumnyima shemeji hata damu. Watu wanakubali kwa vichwa. Mimi naingia ndani.

Nataka unijibu jambo moja, wewe unayejua dawa, na usinidanganye. Nilipiga magoti nikamwomba. Ni mimi niliyemwua?

Poni


Nairobi, 19 Septemba 1992

Wifi yangu Poni,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa chini sakafuni.

Umesema nisikudanganye. Sitakudanganya. Kilichomwua kaka yangu ni dawa zangu mbili na ule mfuko wa damu, vikikutana. Mfuko peke yake usingemwua. Dawa peke yake zilikuwa zimeanza kumponya. Wewe ulimwomba damu mtu uliyemwona mzima, anayebeba injini na kufunga mshipi wake kwenye tundu la zamani. Mimi ndiye niliyemfanya aonekane mzima. Mimi nilijua ni mgonjwa, na nilijua kwamba hasemi hapana kwa watu wako. Barua ya baiskeli nilikuwa nayo mezani. Niliisoma nikacheka, sikufikiri mbele.

Hukumwua. Ukiamka usiku ukajiuliza tena, jiambie kwamba Teresina amesema hapana, naye ndiye mwenye kujua.

Kuhusu kukuficha, sina la kujitetea. Nilimwambia akuambie, kila barua nilimwambia, lakini ningeweza kukuandikia wewe mwenyewe na sikufanya hivyo. Nilimwogopa asinikasirikie. Una haki ya hasira yako, ishike kadiri unavyotaka.

Ila Lokosang usimweleze habari za dawa. Anatembea na damu ya Ezbon mwilini. Mwache aamini kwamba ilitolewa na mtu mwenye afya na ikatolewa kwa moyo, kwa sababu hilo la pili ni kweli kabisa.

Sasa nikuambie lililotokea hapa, maana unastahili kulijua kabla ya mtu mwingine. Profesa anaandika ripoti yake. Anataka kusema dawa mbili pamoja zinashinda moja, na ni kweli, nimeziona zikishinda. Lakini wale panya waliokufa tukiwatoa damu amewaondoa kwenye hesabu. Wale waliokufa kwa yule mwenzangu pia amewaondoa, anasema tulikuwa tumewachosha. Ameandika kwamba waliharibiwa na mhudumu wa maabara, na hao hawahesabiwi. Ripoti ikitoka hivyo, daktari mahali fulani ataisoma, atampa mgonjwa wake vidonge viwili, na hatamwambia asitoe damu.

Nilimwendea ofisini, nikamwambia warudishwe wote. Akaniambia kwa upole kwamba anaelewa niko msibani, kwamba mkono wa mtu yeyote unaweza kuteleza, na kwamba haoni aibu yoyote kwangu. Nikamwambia sikuja kwa ajili ya aibu. Akauliza, zaidi ya panya wachache na hisia zangu, nina ushahidi gani?

Nikatoa barua yako, Poni. Hajui Kiswahili vizuri, kwa hiyo nilimsomea nikimtafsiria, kutoka pale kwenye shati la Jumapili mpaka mwisho wa aya ile. Nilipofika kwenye maneno ya Ezbon niliyasoma mara mbili, polepole. Profesa alivua miwani yake. Akavuta karatasi zake, akakata ule mstari unaonitaja mimi, na kwenye hesabu akawarudisha panya wote waliokufa.

Hata hivyo sindano sitaki tena kuishika. Nimeomba wanipe kazi ya kuwalisha panya tu.

Wifi yako,
Teresina